Kabla Hajawa Staa, Alikuwa Kibarua wa Zege Milimani

Wapenzi wa muvi, Jean-Luc Godard mnamjua, yule aliyeitikisa sinema ya Ufaransa mwaka 1960 na À bout de souffle. Sasa kaeni mkao wa kula. Miaka michache kabla ya hapo jamaa alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa bwawa la umeme la Grande Dixence, juu kabisa kwenye milima ya Alps, Uswisi. Baadaye wakampa kazi ya kupokea simu. Akabana mshahara wake, akatengeneza filamu fupi, Opération béton. Mastaa wake? Zege, ndoo na kebo. Kampuni ya bwawa ikainunua!

Ukiuona huo ukuta utamwelewa. Una mita 285 kwenda juu, hauko mbali na Mnara wa Eiffel. Chini unene wake ni karibu mita 200, juu ni 15 tu. Kuna mabwawa yanayopinda kama upinde ili kusukumia nguvu ya maji kwenye miamba ya pembeni. Hili halina mbwembwe hizo. Linayazuia maji kwa uzito wake lenyewe, kama tani milioni 15. Ni mzito, basi. Na zege likiganda linatoa joto, lisipoangaliwa linapasuka, ndiyo maana lilimwagwa vipande vipande kuanzia miaka ya 50 mwanzoni hadi 1961.

Kumbe chini ya ziwa kuna bwawa jingine! Ukuta wa kwanza wa Dixence, mita 87, ulikamilika 1935. Hawakuubomoa, waliuzamisha tu.

Ila kazi iliyoumiza watu zaidi kwangu mimi ni mahandaki, kama kilomita 100, yanayoleta maji ya barafu kutoka mabonde mengine. Kutoboa mwamba kunatoa vumbi laini linaloganda kwenye mapafu. Wachimbaji wengi wa mabwawa ya Alps walirudi makwao wakiwa wazima, wakaanza kukosa pumzi miaka kadhaa baadaye. Hao hakuna anayewajua kwa majina, wala hawakuuza filamu.

Jengo walilolala wafanyakazi pale chini ya ukuta walilibatiza "Ritz", kwa utani, kama ile hoteli ya matajiri wa Paris. Siku hizi ni hoteli kweli, watalii wanalipa kulala humo.