Kulinganisha Shule za Wilaya Moja: Busia tangu 1997

Wilaya ya Busia, Uganda, ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997, mwaka uleule ambapo elimu ya msingi bila karo ilianza kwa watoto wanne wa kila familia. Tangu hapo, kila matokeo ya darasa la saba yakitoka, watu huuliza: ni shule ipi ya kwanza wilayani?

Kipimo ni masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kila somo hupewa alama 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Mwenye jumla ya 4 hadi 12 huwa daraja la kwanza, na hao ndio wanaohesabiwa na wazazi.

Lakini huhesabiwa waliofika tu. Nchini kote, watoto kama milioni 2 waliingia darasa la kwanza mwaka 1997. Mwaka 2003 waliofanya mtihani hawakufika laki 5. (Ni kweli wengine walikuwa wakirudia madarasa, lakini si wote.) Shule ya serikali iliyopokea kila mtoto huwekwa katika orodha moja na shule ya bweni iliyowachuja mlangoni. Tena mtoto hodari wa kijijini akihamia bwenini darasa la sita, sifa zote huenda bwenini.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna hasara yetu humo. Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilikiingiza Kiswahili katika mtihani wa KCPE ulipoanza mwaka 1985, nacho kikapata vipindi na vitabu. Orodha za shule zilisimamishwa huko mwaka 2014, na KCPE ikaisha 2023, ila somo limebaki. Kwetu, Waraka wa Serikali wa 1992 ulitaka Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi. Mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likarudia neno la lazima. Masomo ya mtihani yakabaki manne.

Nilipokwenda kukagua wanafunzi wetu katika mazoezi ya kufundisha, nilikuta kipindi cha Kiswahili kimepewa Hisabati. Mwalimu mkuu alinieleza kwa upole, kwa Kiswahili safi cha mpakani: "Mwalimu, somo lako halituongezei daraja la kwanza hata moja." Sikuwa na jibu.