Mbio za Kuwanasa Bakteria Chakulani

Kwa takriban karne nzima, aliyetaka kujua kama nyama au maziwa yana bakteria wa hatari alilazimika kusubiri waote. Njia hiyo ilizaliwa jikoni. Mwaka 1881 Fanny Hesse, mke wa mtafiti Walther Hesse wa Ujerumani, alimshauri mumewe aache kuotesha bakteria kwenye jelatini, iliyoyeyuka kwa joto, atumie agari itokanayo na mwani, ambayo mama huyo aliipikia vitamutamu. Mtaalamu wa bakteria Robert Koch alipoandika kuhusu agari mwaka 1882 hakumtaja Fanny. Ni haki yake atajwe. Mwaka 1887 Julius Richard Petri akaleta kisahani chenye kifuniko.

Hadi leo maabara huthibitisha majibu kwa kuotesha. Tatizo ni muda: kuthibitisha bakteria wa Listeria huweza kuchukua wiki nzima, na nyama imeshaliwa.

Mwaka 1993 nchini Marekani, hambaga za migahawa ya Jack in the Box zenye bakteria wa E. coli O157:H7 ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue na kuua watoto 4. Mwaka 1996 ukaanzishwa PulseNet, mtandao wa maabara zinazolinganisha DNA ya bakteria waliotoka kwa wagonjwa wa majimbo mbalimbali. Mbinu ya PCR nayo, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, ikaingia kwenye upimaji wa chakula. Hurudufu kipande cha DNA mamilioni ya mara kwa saa chache. Hata hivyo, kwa kawaida sampuli hulowekwa kwanza usiku kucha kwenye maji ya virutubisho, maana gramu 25 za chakula huenda zikawa na bakteria wachache mno.

Afrika nayo ilipata mtihani wake. Desemba 2017 Afrika Kusini ilitangaza mlipuko wa ugonjwa unaoletwa na Listeria. Wataalamu wa NICD, taasisi ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza, walisoma vinasaba vya bakteria na kukuta kwamba wagonjwa zaidi ya 9 katika kila 10 walibeba aina moja, ST6. Chanzo kilielekea kuwa kimoja, lakini chakula gani? Ugonjwa huu huweza kujificha hadi siku 70; nani atakumbuka alichokula?

Januari 2018 watoto wa chekechea moja ya Soweto walifikishwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa na homa na kuharisha. Maofisa wa afya walikwenda chekechea, wakachukua soseji aina ya poloni iliyokuwapo, ikakutwa na ST6, na uchunguzi ukaishia kwenye kiwanda cha nyama cha Polokwane. Machi 4 waziri wa afya alitangaza chanzo hicho. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 1,060 na vifo 216. Zaidi ya wagonjwa 4 katika kila 10 walikuwa vichanga.

Vinasaba pekee visingeitaja poloni. Serikali zetu zinaponunua mashine za maabara, ziajiri pia maofisa wa afya wa kutosha, wenye usafiri na vifaa vya kuchukulia sampuli.