Wakimbizi Ndani ya Inchi Yao: Ukurasa wa Historia ya Masisi na Walikale



Kurasa zingine za kitabu hiki zinasimulia majengo, wakatekista na hesabu ya wabatizwa. Ukurasa huu unasimulia njia. Kwani katika teritwari za Masisi na Walikale hakuna historia ya parokia inayoweza kuandikwa bila kutaja wale waliofika usiku na godoro kichwani, wakalala ndani ya madarasa ya shule. Wala bila kutaja wale waliotoka siku moja alfajiri, mahali pao kwenye Misa pakabaki patupu miaka mingi.

Tuanze na jina lenyewe. Mtu wa namna hiyo sisi sote tunamwita mkimbizi. Si uongo, maana kweli amekimbia. Lakini jina hilo linaficha jambo kubwa. Mkimbizi wa sheria ni yule aliyevuka mpaka wa inchi, na Mapatano ya Geneve ya mwaka 1951, pamoja na yale ya Umoja wa Inchi za Afrika ya mwaka 1969, yaliandikwa kwa ajili yake. Mtu wa Nyabiondo aliyekimbilia Walikale, ao mtu wa Ntoto aliyekimbilia Goma, hakuvuka mpaka wo wote. Yeye ni mwananchi kati ya wananchi wenzake. Haki zake zote anazo bado, na mwenye kazi ya kwanza ya kumlinda ni Serikali yake mwenyewe, mbele ya wageni wenye kuleta unga na mabashi. Alichonyanganywa ni shamba. Na kwetu sisi, mtu asiye na shamba hana pa kuzika, hana mahari, hana la kumpa mwalimu wa mtoto wake.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka wa 1928 Wabeleji waliunda Comité National du Kivu, wakaipa uwezo juu ya ardhi kubwa ya huku. Mashamba ya wazungu yalihitaji mikono, na Rwanda ilikuwa imetoka kuumizwa na njaa ya 1928 na 1929. Basi tangu 1937 mpaka 1955 kazi iliyoitwa Mission d’Immigration des Banyarwanda ilileta katika Kivu watu karibu 85,000: kwanza Gishari, kisha Washali, Mokoto na Bwito. Watu hao walikuta wenzao wengine wenye kusema Kinyarwanda waliokuwapo Kivu mbele ya mipaka ya wazungu kuchorwa. Gishari ikafanywa shefri yake yenyewe katikati ya inchi ya Wahunde. Mwaka wa 1957 ikafutwa. Hapo palipandwa magomvi mawili yasiyokwisha: nani mwenye ardhi, na nani mwenye kutawala. Mhunde aliona ardhi ya babu yake imepimwa kwa kamba ya mzungu. Mnyarwanda aliyeletwa kwa karatasi ya Serikali aliona karatasi hiyo imefutwa na Serikali ile ile. Wote wawili walikuwa na sababu ya kulalamika, na yule aliyewatendea hivyo alikuwa amekwisha kurudi kwao Ulaya.

Nyuma ya uhuru ikaja vita iliyoitwa Kanyarwanda, tangu 1963 mpaka 1965. Sheria ya uraia ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakikaa Kivu mbele ya 1950. Ile ya 1981 ikawanyanganya tena wengi wao. Ni lazima tukumbuke jambo hili, kwa sababu mtu asiyejua kama Serikali inamhesabu kuwa mwananchi, atadai namna gani haki ya mwananchi siku akifukuzwa?

Sheria nyingine ilifanya kazi yake kimya. Tarehe 20 julai 1973 ilitangazwa kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Juu ya mashamba ya kimila, kifungu cha 389 kilisema kwamba haki zake zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka makumi ilipita na amri hiyo haikutoka. Kwa hiyo mkulima wetu alikuwa na neno la mwami wake na ushuhuda wa majirani, basi. Mwenye pesa alikwenda mjini akajipatia hati, na vilima vizima vya Masisi vikawa malisho ya ngombe ya wakubwa. Ushuhuda wa majirani unatosha wakati majirani wapo. Lakini vita ikitawanya kijiji, mashahidi nao wametawanyika, na mkulima akirudi nyuma ya miaka mitano anakuta mtu mwingine analima, naye pengine ni mkimbizi wa kilima kingine.

Tarehe 20 machi 1993, kwenye soko la Ntoto katika Walikale, mauaji yalianza, yakapanda mpaka Masisi yote. Maelfu walikufa, na watu karibu 250,000 waliacha makao yao, Wahunde, Wanyanga, Wahutu na Watutsi, kila mmoja akikimbia mwenzake. Mazungumzo ya amani, ambamo Makanisa yalifanya kazi nyingi, yalileta utulivu kidogo mwisho wa mwaka ule na mwanzo wa 1994. Kisha, mwezi wa julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma. Hapo mataifa yalifika na ndege, matanki ya maji na mahema. Safari ya saa chache kutoka pale, mtu wa Masisi aliyechomewa nyumba mwaka uliotangulia alitazama magari yakipita. Yeye hakuwa na jina katika vitabu vyao.

Lakini mfano unaouma zaidi ni wa Mokoto, kwenye monasteri ya Watrapisti. Mwezi wa mei 1996 Watutsi wa Masisi waliokuwa wamekimbilia kwa watawa walishambuliwa pale pale, na wengi wakauawa. Waliopona walipelekwa Goma, kisha wengi wakavuka kwenda Rwanda. Asubuhi walikuwa wenyeji waliofukuzwa ndani ya inchi yao. Jioni, kwa hatua chache tu kwenye kizuizi cha mpaka, wakaitwa wakimbizi wa inchi ya kigeni. Watawa nao walilazimika kuiacha nyumba yao. Pamekuwa wakati, ndugu, ambapo hata ukuta wa Kanisa haukutosha.

Miaka miwili nyuma yake, mwaka wa 1998, Francis Deng, mwanasheria wa Sudani, alipeleka mbele ya Umoja wa Mataifa Kanuni 30 juu ya watu waliohamishwa ndani ya inchi zao. Hazikuunda haki mpya. Zilikusanya haki zilizokuwapo, zikasema kwamba zinamfuata mtu hata akiwa chini ya bashi: asifukuzwe bila sababu ya haki, apewe tena karatasi zake zilizopotea, asirudishwe kwa nguvu mahali pa hatari, asaidiwe kupata tena mali yake ao malipo yake. Afrika ikaenda mbele zaidi. Tarehe 23 oktoba 2009, huko Kampala, wakubwa wa inchi walikubali Mapatano yenye nguvu ya sheria, ya kwanza duniani kwa bara zima juu ya jambo hili, nayo yakaanza kufanya kazi tarehe 6 desemba 2012. Kifungu chake cha 11 kinataka Serikali ziweke njia nyepesi za kukata magomvi ya mali ya waliohamishwa. Katiba yetu ya 2006 nayo, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kutembea katika inchi na kuchagua mahali pa kukaa.

Maneno ni mazuri. Tuyapime na maisha. Mtu wa milima ya Masisi, aliyezoea viazi, maharagi na maziwa, akifika Walikale anakuta msitu, mihogo na ndizi. Hajui udongo wala majira. Analima kwa siku shamba la mwenyeji, analipwa chakula. Wengi hawafiki hata kambini, wanapokelewa na jamaa: nyumba ya vyumba viwili inabeba watu kumi na tano, na chungu cha sombe kinaongezwa maji. Mwenyeji anakuwa maskini pamoja na mgeni wake, lakini orodha ya msaada inamwandika mgeni peke yake. Hapo chuki huzaliwa, wala si kwa ubaya wa moyo. Na mwanamke anayekwenda kutafuta kuni ao kuvuna shamba lake la zamani kwa kujificha, anajua anachoweza kukutana nacho njiani. Katika siku nne za mwaka 2010, kati ya 30 julai na 2 agosti, huko Luvungi na vijiji vya jirani katika Walikale, Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 380 walionajisiwa.

Vita ya M23 ilipowaka tena, Kitchanga ilianguka mwezi wa januari 2023, na watu wa Masisi wakashuka Sake mpaka kambi za kando ya Goma. Tarehe 3 mei 2024 mabomu yalipiga hata huko, Mugunga na Lac Vert. Goma yenyewe ilishikwa mwisho wa januari 2025, na mwezi wa februari wenye silaha wakawapa watu wa kambi saa 72 wawe wametoka. Wengine walirudi wakakuta nyumba haina mabati na shamba lina mwenyewe mwingine. Kanuni ya 28 inasema kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Kumwambia mtu arudi kwake kabla ya kujua kama kwake kupo, sisi hatuwezi kukuita kurudi. Ni kuhamishwa mara ya pili.

Neno moja la mwisho kwa mapadri na makarani wa parokia. Sheria ya Kanisa ya 1983, kifungu cha 877, inataka kitabu cha ubatizo kiandike majina ya wazazi, pamoja na siku na mahali pa kuzaliwa. Kwa mtoto aliyezaliwa njiani na asiyeandikwa kamwe kwenye ofisi ya Serikali, mstari huo unaweza kuwa ushuhuda wa pekee kwamba baba yake alikuwa mtu wa kilima fulani. Andikeni jina la kijiji lote, na la lokalite, kwa wino usiofutika. Na vita ikikaribia, vitabu hivyo vitolewe pamoja na Ekaristi Takatifu, mbele ya kalisi na mavazi.