Wazee na Klabu za Kariakoo
Tangu klabu ya soka ya Young Africans ilipoanzishwa mwaka 1935, na mtani wake wa jadi, Simba, mwaka uliofuata (jina hilo lilikuja 1971), klabu hizi za Kariakoo, Dar es Salaam, zimekuwa pia mabaraza ambamo wanachama hujuliana hali na kuchangiana katika misiba. Huko Jangwani na Msimbazi, yaliko makao ya klabu hizo mbili, wazee wa klabu, yaani wanachama wakongwe ambao ushauri wao uliheshimiwa hata na viongozi, walikaa wakinywa kahawa na kuichambua timu mchezaji kwa mchezaji. Safari za matawi, ambayo ni vikundi vya wanachama wa mtaa, ziliwaweka mstaafu, mjane na kijana katika basi moja hadi Morogoro au Tanga. Tawi linalompitia mzee mpweke siku ya mechi linaendeleza kazi ya waasisi.