Kuhama Eastlands ukiwa kwenye kiti cha magurudumu: barabara, hati, maji, choo na jua

Nyumba ya bibi mzaa mama kule Majengo, Pumwani, ilikuwa na kizingiti kimoja tu. Ukikivuka uko ukumbini, vyumba huku na huku, na mwisho uwani penye jiko na choo. Nyumba za mtindo huo zilianza kujengwa Pumwani miaka ya 1920, na mtu wa Mombasa akiingia anajua mara moja kuwa yuko kwao. Sikuitia maanani nyumba isiyo na ngazi hadi nilipovunjika uti wa mgongo katika ajali ya matatu, Jogoo Road, miaka tisa iliyopita.

Baada ya hospitali nilirudi nilipokuwa nimepanga, Umoja, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Kushuka ilikuwa vijana wawili wanibebe na wa tatu abebe kiti. Vyumba vya chini mitaa hii vingi ni maduka, na vichache vilivyobaki kodi yake iko juu. Maji yakikatika nalipa mtungi, kisha nalipa wa kuupandisha. Usiku mmoja jiko la gesi lilishika moto ghorofa ya kwanza. Watu wote walikimbia, nami nikabaki mlangoni nikisikiliza miguu yao ikishuka. Moto ulizimwa upesi, lakini asubuhi yake nilianza kuulizia shamba.

Nayaandika haya kwa sababu wengi wameniuliza nilivyofanya, na wengine wako karibu kufanya kosa nililolifanya kwanza.

Kosa lenyewe ni kutazama bei ya ploti. Dalali alinipeleka kuona kipande cha 50 kwa 100 mwezi wa Februari, jua kali, njia imekauka kama saruji. Bei ilikuwa nzuri nikatoa arbuni. Niliporudi mwezi wa Mei, gari liliishia barabara kuu. Udongo ule mweusi ukilowa hushika gurudumu na hauliachii, na toka lami hadi ploti ni karibu kilomita mbili. Arbuni ilipotea. Kwa mtu anayetembea, ploti ya mbali ni rahisi. Kwangu mimi, kila mtungi wa maji, kila gunia la simiti na kila safari ya zahanati ingelipiwa bodaboda au punda, na siku ya mvua hata bodaboda hafiki. Kwa hiyo nenda kuona ardhi wakati wa masika. Ukiweza, nenda na kiti chako na usukume mwenyewe toka barabarani.

Mwishowe nilipata kipande upande wa Kaloleni, Kilifi. (Watani wangu wa Eastlands husema sikuhama, nimetoka Kaloleni moja kwenda nyingine.) Nilipachagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni lami ya Mariakani hadi Kaloleni, nami niko mita mia tatu kutoka hapo, juu ya changarawe isiyotuamisha maji. Ya pili ni treni. Hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, na ile treni ya Madaraka inayosimama vituo vya kati huteremsha abiria Mariakani. Mwenye jeraha kama langu akikosa kuonwa hupata kidonda cha kukaa, na kidonda hicho huua. Anayekwambia shamba ni raha tu, muulize hospitali iko wapi.

Ilikuwepo na sababu ya tatu ambayo sikuipangia. Mama wa boma la jirani alinitazama nikipima ploti kwa kamba, akasema, "Mwanangu, usiku ukiita tutakusikia?" Nikamwambia tujaribu. Akaenda kwake, nikaita, akaitika. Jaribio hilo nimeliamini kuliko mengi niliyoambiwa na madalali.

Sasa hati. Huku kwetu Pwani kuna mitego ambayo mnunuzi wa kutoka Nairobi haijui. Mmoja ni nyumba bila ardhi: unauziwa kuta na mabati, na ardhi ni ya mtu mwingine ambaye mtakuwa mkimlipa kodi ya kiwanja. Mwingine ni ardhi ya marehemu. Mtoto anakuuzia sehemu yake huku hati ingali kwa jina la baba aliyefariki. Kabla ya mirathi kukamilika, kwa Kadhi au mahakama nyingine, mtoto huyo hana cha kuuza. Karatasi iliyoandikwa mbele ya chifu au mzee wa mtaa ni ushahidi kwamba mlikubaliana, lakini si hati. Fanya upekuzi rasmi kwenye msajili wa ardhi, tafuta mpimaji aliyesajiliwa akuonyeshe mawe ya mipaka, na kama ni shamba la kilimo, hakikisha ombi la kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi limepelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali hicho mauzo ni bure mbele ya sheria. Muuzaji mwenye mke, mkewe naye akubali kwa maandishi.

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na ukumbi katikati, kama ya bibi, isipokuwa milango ina upana wa sentimita 90 na chooni nina nafasi ya mita moja na nusu ya kugeuza kiti. Msingi niliuinua sentimita 15 tu. Kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko, hivyo mimi nilijenga mteremko wa mita 1.8. Fundi alitaka msingi wa sentimita 45 ili nyumba ionekane. Mteremko wake ungekuwa mita 5.4 na simiti yake ingekula pesa za tangi. Tulibishana siku nzima.

Maji ni ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya bati ni lita moja, kwa hiyo paa la mita mraba 40 likipata milimita 600 kwa mwaka hutoa lita 24,000. Toa moja kwa tano ya kupotea, zibaki kama 19,000. Ukitumia lita 50 kwa siku unahitaji 18,250. Inatosha kwa kubana, lakini mvua haiji kila siku, ndiyo maana tangi ndilo gharama kubwa kuliko paa. Bomba liweke kimo cha sentimita 60 hivi, ili mtungi ukae chini yake nawe usiiname.

Choo cha shimo cha kuchutama hakinifai. Nimejenga kiti cha saruji kilicho sawa na kimo cha kiti changu, sentimita 48, na vyuma viwili ukutani. Kama kuna kisima, choo kiwe mbali nacho mita 30 au zaidi.

Umeme ni wa jua. Mimi hutengeneza simu, basi solda ya wati 60 kwa saa mbili ni wati-saa 120, taa na redio kama 60, simu za wateja 50. Paneli ya wati 100 kwenye jua la kweli la saa tano huahidi 500, lakini mimi huhesabu 350. Betri ya kawaida ya asidi usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Anayetegemea mashine ya kupumulia asihamie jua peke yake bila njia ya pili. Uliza pia kuhusu KOSAP, mradi wa serikali wa umeme wa jua katika kaunti 14, zikiwemo Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta.

Pesa: jisajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kabla hujahama, maana tathmini ya daktari ni rahisi kuipata ukiwa mjini. Mwenye mshahara na cheti cha msamaha halipi kodi ya mapato kwa KSh 150,000 za kwanza kwa mwezi. Inua Jamii, kwa wenye ulemavu mkubwa, ni KSh 2,000 kwa mwezi. Huwezi kujenga kwa hizo, ila zinanunua sabuni na glavu.

Mimi nilijenga kwa miaka mitatu, chumba kwanza, tangi baadaye, huku nikiendelea kulipa kodi Umoja. Ukumbi bado haujapigwa plasta. Mwezi huu namwaga changarawe upande wa pili wa nyumba, mita kumi na mbili, ili nifike kwa yule mama bila kupitia barabarani.