Jipe: Samaki Ndiye Aliyechagua Zana

Mwaka 1929, samaki aina ya bass kutoka Marekani alipandikizwa katika Ziwa Naivasha, Kenya. Huyo ni mwindaji: hurukia chambo kinachotembea, hivyo fimbo yenye gurudumu la mshipi humfaa.

Katika Ziwa Jipe, mpakani mwa Kenya na Tanzania, jirani na Kwakoa upande wa Tanzania, historia ilikwenda njia nyingine. Perege wa Jipe, aliyetambulishwa kisayansi na Rosemary Lowe mwaka 1955, hula hasa mwani unaoota juu ya mimea ya majini. Ndoana yenye chambo haimvutii sana. Hunaswa kwa nyavu za kutega. Kambale ndiye anayefuata chambo, naye ana mshipi wake.

Chombo nacho kilitii ziwa. Maji ni ya kina kifupi na matete yamesonga kingo, kwa hiyo mtumbwi mwembamba hupenya pale ambapo mashua pana ingekwama.

Katika miaka ya 1960, bwawa la Nyumba ya Mungu lilijaa upande wa pili wa milima ya Pare. Wavuvi wakamiminika huko, samaki wakavuliwa kwa wingi, kisha mavuno yakashuka. Tangu hapo ukubwa wa matundu ya wavu umekuwa suala zito: tundu dogo humnasa perege kabla hajazaa.