Mwani wa Paje: Elimu Ilitangulia Mtaji

Anayefika Paje au Jambiani siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa, huwakuta wanawake wameinama kati ya safu za vigingi na kamba, wakifunga mwani. Mandhari hiyo imezoeleka mno hata mgeni hudhani ni ya kale kama ngalawa. Kumbe kilimo hicho cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 tu, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino.

Ufilipino nako kilimo hicho kilikuwa bado kichanga. Katika miaka ya 1960 na 1970, Maxwell Doty, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Hawaii, alishirikiana na wenyeji wa huko kutafuta namna ya kuupanda mwani uliokuwa ukiokotwa tu. Viwanda viliuhitaji kwa ajili ya karajinani, ute unaotumika kuyapa uzito maziwa, aiskrimu na dawa ya meno.

Katika chuo hicho hicho cha Hawaii alisomea shahada ya uzamivu Mtanzania, Keto Mshigeni. Aliporejea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuchunguza mwani wa pwani yetu na kufanya majaribio ya kuupanda, kabla ya kilimo cha biashara kuanza. Basi tunaposimulia kwamba mwani uliletwa na wawekezaji, tunasahau kuwa njia ilikwisha kufyekwa na utafiti wa chuo cha umma.

Hata hivyo, elimu hiyo haikufuatwa na umiliki. Ni kweli kwamba mwani uliwapa wanawake wengi wa vijijini fedha zao wenyewe, wakasomesha watoto na kujenga nyumba. Lakini wengi wao wamebaki wauzaji wa mali ghafi, bei ikipangwa na mnunuzi. Aina yenye bei bora, kotonii, hudhoofika na kufa maji ya kina kifupi yanapopata joto. Kuihamishia kwenye kina kirefu kunahitaji vyombo na ujuzi wa kuogelea, na wakulima wengi hawana kimojawapo.

Serikali inayohubiri uchumi wa buluu haina budi kuanzia hapo: watafiti walipwe, wakulima wapatiwe vyombo na mafunzo, na mwani usindikwe hapa hapa. La sivyo, tutaendelea kuwa na elimu yetu na jasho letu, huku faida ikivuka bahari.